Usimwambie Mpaka Mfike

Fidelis alikata simu, akanawa uso kwenye bomba la uani mwa gesti, akajaribu kutabasamu mara mbili kabla ya kurudi chumbani.

Aliyepiga ni Rabson, kaka wa mkewe Oktavia, kutoka Makambako. "Shemeji, mama yetu wa huku Kitandililo ametutoka alfajiri. Oktavia usimwambie. Mlete tu."

"Kutoka huku Malindi? Nitaendeshaje njia yote hiyo na neno kama hili?"

"Wewe ni mkwe. Utastahimili."

Kwao ndivyo ilivyo. Msiba hauelezwi barabarani. Mtu huambiwa mgonjwa amezidiwa, akifika anakuta turubai na mikono ya ndugu wa kumdaka. Fidelis mwenyewe alishawaleta wafiwa wawili kwa uongo huo, mmoja kutoka Mbeya, mwingine Songea. Makambako nzima ilijua huyo hadanganyiki kwa habari za mgonjwa.

"Mama Stella, funga mizigo. Lori letu la parachichi limekwama. Tunarudi leo."

Akajiandaa kwa ugomvi. Oktavia alikuwa ameidai safari hii ya pwani ya Kenya miaka na miaka, mpaka ndoa ikafikisha ishirini na mitano. Na zilibaki siku mbili nzima. Lakini mkewe alimtazama tu, akaanza kukunja nguo.

"Niazime simu yako," Fidelis alidanganya. "Yangu haina chaji."

Akampa bila kuuliza. Fidelis akaizima, akaitia mfukoni, akaona leo Mungu yuko upande wake.

Wakaipita Kilifi, wakaipita Mtwapa. Kwenye foleni ya kivuko cha Likoni wakakwama saa nzima, lori mbele, basi nyuma, hakuna pa kugeuzia. Jasho likamtiririka hadi kwenye soksi. Oktavia akatoa leso mbili, kanga za pwani alizonunua Malindi.

"Hii ya mama yangu. Hii ya mama yako."

Fidelis alikazia macho namba ya lori mpaka akaikariri. Pembeni yake leso moja ilirudi kwenye mfuko. Nyingine Oktavia aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nisimulie kitu, Baba Stella."

"Kitu gani?"

"Chochote. Cha utoto wako."

Akaona heri hiyo. Akaepuka kumtaja mama wa Oktavia, akamsimulia wake: mama huyo alivyombeba mgongoni kwa miguu hadi hospitali ya misheni Lugarawa, yeye Fidelis ana miaka minane na miguu inaburuza, na mama alivyomjibu sista aliyemwambia mtoto ni mzito. "Mzito kwako!" Hadithi hiyo Oktavia huichekea kila mara. Leo aligeukia dirishani.

Mjinga mimi, Fidelis akajisemea. Nimemkumbusha mama yake.

Mpakani Lunga Lunga, baada ya kugongewa mihuri, alijificha nyuma ya ukuta akampigia mama yake. Alitaka kusikia sauti ya mtu anayejua. Akapokea dada yake, Dorosela, sauti imekauka.

"Mama yuko msibani, kaka. We njoo tu."

Moyo ukamtulia kidogo. Kumbe mama ameshafika kwa wakwe. Huyo ndiye mama yake, hangoji kuitwa.

Aliporudi garini akakuta muuza karanga amemshika Oktavia mkono kupitia dirishani. "Pole, mama. Pole sana."

"Pole ya nini?" Fidelis aling'aka.

"Ya safari," Oktavia alisema haraka. "Shika karanga, ule. Hujatia kitu tumboni tangu asubuhi."

Walilala Chalinze. Kesho yake, kutwa nzima, kila Fidelis alipokanyaga mafuta, mkono wa Oktavia ulimgusa bega.

"Polepole, baba. Hatuwahi kitu."

Laiti ungejua, aliwaza, akapunguza mwendo. Iringa, Mafinga, Nyororo. Alichoomba ni kimoja tu: amfikishe mwanamke huyu mikononi mwa ndugu zake kabla hajaropoka.

Alasiri wakaingia Kitandililo. Uani hapakuwa na turubai. Watu wachache walisimama kando ya gari lililokwishapakiwa magodoro na masufuria ya kupeleka msibani, na hakuna aliyesogea. Fidelis akazima injini, akazunguka mbio, akafungua mlango wa mkewe, akamshika mikono yote miwili kabla miguu haijamwishia nguvu.

"Mama Stella," alisema, "jikaze."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka, mzima, kanga kiunoni na kitambaa cheusi kichwani, akampita binti yake. Tangu ndoa ile ifungwe, kwa heshima ya ukwe, hakuwahi kumpa mkwe wake hata mkono. Sasa alimkumbatia Fidelis, akambana kifuani, huku mikono ya Oktavia ikimshika kiuno kwa nyuma, kwa nguvu, asianguke.