Mtetezi wa Mashine Nyeusi

Fundi friji aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaweka mkono juu ya boksi jeupe.

"Hii," alimwambia muuzaji, kwa sauti ya mtu anayeomba dawa ya minyoo.

"Si siku zote unasema nyeusi?"

Muuzaji alikuwa na haki ya kushangaa. Mteja huyu alikuja dukani kila Jumamosi, akazikodolea macho mashine mbili za gemu, moja nyeusi na moja nyeupe, akatoa mhadhara mrefu kuhusu ubora wa ile nyeusi, kisha akaenda zake mikono mitupu.

"Nilisema. Nitilie kwenye mfuko usioonyesha ndani."

Aibu yake ilikuwa na sababu. Kwa miezi mitano, kwenye jukwaa moja la mtandaoni la wapenda gemu, alikuwa akiitetea mashine nyeusi kwa jino na ukucha, kwa jina la Barafu. Jambo ambalo hakuwahi kulitaja huko ni kwamba hakuwa nayo. Hakuwa na mashine yoyote. Nyeusi aliishika mara moja tu, kwa dakika kumi, nyumbani kwa mteja aliyemwita kutengeneza friji, na katika dakika hizo kumi alifungwa mabao manne.

Adui yake mkubwa alijiita Kisigino. Huyo alikuwa wa kambi ya nyeupe, na alikuwa na tabia moja mbaya sana: hakasiriki. Barafu akiandika kwamba nyeupe inachemka kama sufuria, na kwamba mambo ya joto na baridi asifundishwe na mtu, Kisigino alijibu, "Mwanangu, inaonekana wenye malalamiko wanaificha kabatini. Itolewe nje, ipumue." Akiandika kwamba vitufe vya nyeupe havitii kidole, alijibiwa, "Mwanangu, una papara. Usisukume kabla ya wakati. Vuta pumzi kwanza, ndipo usukume."

Hilo "mwanangu" ndilo lililomchoma. Kichwani mwake Kisigino alikuwa kijana wa miaka ishirini, kofia ameigeuza nyuma, amelala kitandani na viatu. Akawa anamjibu kwa maneno ambayo asingethubutu kuyatamka hata mbele ya friji iliyomshinda.

Kibaya zaidi, Kisigino alikuwa akisema kweli. Kila Barafu alipoyarudia yale majibu, akiwa peke yake, amekaa juu ya boksi la vifaa akisubiri gesi ijae, aliona hayana pa kukosolewa. Kufikia mwezi wa nne wa mabishano hayo, moyo wake ulikuwa umeshahamia kambi ya nyeupe. Vidole ndivyo vilivyobaki nyuma, vikiendelea kutukana.

Halafu, wiki moja iliyopita, Kisigino akanyamaza ghafla.

Barafu alimtumia meseji ya faragha kumuuliza kama amekimbia. Kimya. Akatuma ya pili, kali kidogo. Kimya. Siku ya nne alijitangaza mshindi mbele ya jukwaa zima, na watu wawili wakampongeza. Siku ya saba, mshindi huyo alikuwa dukani akinunua mashine ya aliyeshindwa.

Sasa ilibaki kuiingiza nyumbani.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kwao kujiuguza baada ya kupasuliwa macho. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane wa maneno machache, aliyeishi peke yake ng'ambo ya mji na ambaye kwa kawaida hakukubali kulala kwa watu. "Mama jioni ana shughuli zake," mkewe fundi alizoea kusema, na fundi alidhani ni sala. Mbele ya mama huyo alijitahidi kuwa mtu mzima. Alikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Alizungumzia kupanda kwa bei ya vipuri. Hakucheka ovyo. Heshima hiyo aliijenga kwa miaka tisa, na hakuwa tayari kuibomoa kwa boksi la gemu.

Aliusukuma mfuko nyuma ya pipa la maji kibarazani, akafuta viatu, akakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, baba."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kikubwa, bandeji imemzunguka kichwa, simu mapajani.

"Mwenzako bado yuko kazini," alisema, "na mimi nimechoka kukaa kama mzigo. Daktari kanikataza kuangalia simu mpaka wiki ijayo, nayo inalia tu. Nisomee meseji, nijue nani ananitafuta."

Fundi alifurahi kutoka moyoni. Hiyo ndiyo kazi ya mkwe mwema. Akavuta stuli, akakaa si karibu sana, akaipokea simu kwa mikono miwili, akakipangusa kioo kwa ncha ya shati.

"Zipo kumi na moja, mama."

"Anza na ya kwanza."

Akaifungua. Akakohoa tena ili sauti itoke vizuri, akafumbua mdomo, na mdomo ukabaki hivyo hivyo wazi.

Ilianza hivi: "Kisigino, wewe kipofu..."

"Ni yule Barafu, eti?" mama mkwe aliuliza, akijiegemeza vizuri kitini. "Soma kwa sauti, mwanangu. Usiruke hata neno."