Setilaiti ya Mama Perpétue

"Image inakuya?" Edouard aliuliza kutoka juu ya paa.

"Bado, papa," Mama Perpétue akajibu kutoka ndani. "Songeza kidogo à gauche, kushoto."

Hapo Edouard, fundi wetu, akaanza kutokwa na jasho. Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, alikuwa ameikaza bolti ya dishi la televisheni kwa uaminifu.

Maana kila wiki aliilegeza yeye mwenyewe kabla ya kushuka, ili mjane huyo wa mtaa wa Golf amwite tena. Hakumtoza chochote. Mwanamume wa miaka hamsini na minane, mgane, mwenye presha, alikuwa akipanda ngazi ili tu apewe chai barazani na atazamwe akiinywa. Ndani hakuwahi kuingia. Majirani wa Golf wana macho.

"Ni satellite, mama," alizoea kumdanganya. "Mafuta yake inaisha, iko natembea."

"Ah bon? Maskini."

Uongo wenyewe ulikuwa na elimu. Setilaiti ya televisheni huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana huonekana imesimama. Lakini juu ya ikweta kuna sehemu mbili tu za kutulia. Ikiwa kwingine, huvutwa polepole kuelekea huko, isipokuwa ikisukumwa kwa mafuta yake. Edouard hakutaja kwamba walio nayo huisukuma mwaka mzima.

Leo bolti ilikuwa imekaza vilevile. Dishi halikuwa limesogea hata kidogo. Na picha hakuna. Basi, akawaza, mbinguni wameamua kumkomoa: setilaiti nzima imehama kweli, kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaa wa Makomeno asiyejua kutongoza.

Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Akikiri, huenda asimwone tena mama huyu. Asipokiri, atazeekea juu ya bati. Akashuka kimyakimya, akavua kofia, akasukuma mlango ambao hakuwahi kuuvuka.

Kebo ya dishi ilining'inia dirishani, haikuunganishwa na kitu. Sebuleni hapakuwa na televisheni. Mama Perpétue alikuwa amesimama mbele ya kioo, akijipaka rangi ya mdomo, na bila kugeuka akapaza sauti kuelekea paani:

"Bado, papa. Songeza tena kidogo."