Msomi wa Nyumba Yetu

Tangu sheria iamue kwamba makala ya kisayansi ni ya mwenye vinasaba, si ya aliyevichambua, msomi wa nyumba yetu ni mama mkwe wangu, Bi Kokusima. Mimi, mke wa mwanawe, niliandika programu iliyogundua kwa nini malaria haimgusi. Yeye alitema mate kwenye kichupa, akarudi kumenya ndizi. Sasa wanasayansi wa dunia nzima wanamnukuu, na kila wakimnukuu simu yake inalia kengele. Inalia tukila, inalia tukisali. Chuoni wananiita mkwe wa Bi Kokusima.

Leo mchana nilimeza hasira, nikapiga magoti kumsalimu, nikamwomba kibali cha makala nyingine.

“Umechelewa, mwanangu,” akasema huku akimenya. “Vinasaba vyangu wameshavimaliza. Nimewaambia waendelee na mjukuu wangu.”

“Mwanangu Asimwe? Mama, ana miaka minne!”

“Na wewe una arobaini. Nani amewahi kukunukuu?”

Kabla sijajibu, kengele ikalia chumbani kwa mtoto. Nikakimbilia kishikwambi chake cha katuni. Makala ilikuwa pale, na uchambuzi wote ulifanywa kwa programu yangu. Juu palikuwa na jina la Asimwe, chini yake la bibi aliyetoa kibali. Nilitafuta langu mpaka mwisho. Penye jina la mama mzazi waliandika: chanzo cha nusu ya vinasaba, bado hajachambuliwa.