Sindano Kati ya Meno

Biubwa aliing'ata sindano ya kushonea kwa meno ya mbele, akainama mpaka ncha yake ikaigusa santuri iliyokuwa ikizunguka kimyakimya.

Gitaa likamwingia kwenye taya, likapanda hadi utosini. Ngoma zikafuata. Chumbani hapakusikika kitu.

Alikuwa amekaa eda. Madirisha yote ya upande wa barabara yalifungwa, na mlangoni hatoki mpaka eda iishe. Spika, mama mkwe aliiondoa siku ya maziko. Mashine aliiacha, maana bila spika itapiga nini?

Mchezo wa sindano alifundishwa na marehemu mumewe, tangu mama mkwe huyo alipoyapiga marufuku nyumbani makelele ya santuri za wale Wazungu wenye nywele ndefu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama mkwe akasimama na bakuli la uji.

"Wafanya nini?"

Biubwa akaitoa sindano mdomoni. Alitafuta uongo, asiupate. "Nasikiliza, mama. Ndivyo alivyokuwa akisikiliza yeye."

Mama mkwe akaikodolea macho ile santuri. Mara ngapi alimkuta mwanawe ameinama hapo, akadhani anatengeneza mashine?

Akaurudisha mlango, akatia komeo. Akaketi mkekani, akaipangusa sindano kwa pindo la kanga, akaing'ata.

Akainama.

Chozi likadondoka juu ya santuri, likazunguka nayo. Biubwa akanyoosha mkono aizime mashine.

Mama mkwe akaudaka mkono ule, akaubana, wala hakuuachia.