Jogoo Mwenye Pete ya Bluu

Mama mwenyeji alikwisha kumshika jogoo mabawa, kisu mkononi, Daktari Anyelwisye alipoiona pete ya bluu mguuni.

"Huyo hapana, mama! Ni wa utafiti." Ujana wake wote uliishia maabara kwa ajili ya chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofyeka kuku kijiji kizima. Hapa Kaengesa, kuku wenye pete ndio pekee waliotiwa tone la chanjo hiyo jichoni.

"Daktari, mgeni aondoke kwangu bila kula kuku?"

"Basi nichinjie asiye na pete."

"Nitamtoa wapi? Mdondo umewamaliza wote. Wamebaki hawa wa pete zako, na wananimalizia ulezi niliouanika!"

Jicho la jogoo lilikuwa kavu, angavu, rangi ya chungwa.

Anyelwisye akamwomba arudie hilo la waliokufa na waliobaki. Mama akarudia polepole, kama anayesema na kiziwi, huku daktari akicheka, amemkumbatia jogoo kifuani.