Sauti Kifuani mwa Ndama

Alikuwako tembo jike aitwaye Mwanamize, aliyechukia uchafu kuliko alivyomchukia simba. Ndama wake alipofikia umri wa kuonja kinyesi cha bibi yake, kama wafanyavyo ndama wote wa tembo, Mwanamize alimvuta kwa mkonga akamrudisha.

"Mwache mume wangu ale," bibi akatania. "Hata wewe ulikula changu, ukanenepa."

"Mama, mwanangu si mdudu wa mavi."

Akamlea kwa maziwa matupu na kumwosha kutwa. Ndama aling'aa, lakini pumzi yake ikaanza kupiga mluzi, na kila siku mluzi ukazidi kuwa mwembamba. Mwanamize alipotega sikio ubavuni mwake, alisikia sauti zikizungumza kifuani.

"Nani humo?" akauliza. "Tokeni, mnamuua mwanangu."

"Usitufokee, mama," sauti moja ikajibu kwa upole. "Sisi maradhi hatukuvunja mlango. Tulipiga hodi puani, hakuna aliyeitikia. Walinzi wa nyumba hii huingia na kinyesi cha bibi, nawe uliwafungia nje."

Mwanamize akamwendea mama yake, akapiga magoti, akaomba kile alichokidharau. Ndama akala. Polepole mluzi ukafifia, hata akaweza kukimbia.

Mwanamize alipomsikiliza tena, kifua kilikuwa kimya. Tumboni, hata hivyo, kulikuwa na mnong'ono wa maelfu ya walinzi. Na alipolisogeza sikio karibu zaidi, wote wakanyamaza kwa pamoja, kana kwamba wanamsikiliza yeye.