Bima Kubwa

Bi Stara alikuwa akiwasha gari la marehemu mumewe, kama kila asubuhi, Sudi wa bima alipogonga geti. Kila mwaka alikuja kulikagua kabla bima haijaisha, na kila mara Bi Stara alimshushia kabatini vikombe vya wageni.

"Shangazi, gari lenyewe halitoki uani. Safari hii kata bima ndogo, upumue. Kubwa inakukamua bure."

"Na ukaguzi?"

"Ndogo haina ukaguzi. Tunamalizana kwa simu, wala sikusumbui."

Bi Stara akazima injini. Ua wote ukanyamaza.

"Nikatie kubwa."

Sudi akacheka. "Shangazi! Nani aibe mkweche huu?"

Bi Stara akapangusa kioo cha gari kilichokuwa safi tayari, mara mbili, bila kumtazama.

"Si gari, mwanangu," alisema hatimaye. "Nataka uje."